Babu, Mtani Wako wa Australia Amepewa Kuku

Babu,

Amani iwe juu yako hapo ulipolala. Ni mimi Somoe, mjukuu wako. Nimeketi barazani, Bibi yuko karibu yangu anapepeta mbaazi, naye amesema nianze na jambo moja kabla ya mengine yote: yule kuku mweusi ametoka. Amepewa mtani wako. Ulisema atapewa, na amepewa.

Sasa nikueleze kwa utaratibu kama tunavyofundishwa shuleni, maana nikifurahi huanza habari katikati.

Unakumbuka asubuhi zile nilipokuwa nakuletea uji kambini, pale Nachingwea, kabla ya kengele ya shule? Ulikuwa mlinzi wa matrekta ya kampuni ya karanga. Ulikuwa ukikalia kigoda chako katikati ya magurudumu makubwa kuliko wewe, umevaa koti lako lisilo na vifungo. Bwana Tomu, msimamizi wa matrekta, alikukuta siku moja umefumba macho.

"Mzee, wewe nalala!"

Ukajibu bila kufumbua hata jicho moja, "Silali, nafikiri."

Akachuchumaa mbele yako na kofia yake pana, akakutazama usoni kwa makini. "Wewe nafikiri sana, Mzee. Mpaka udenda natoka."

Mimi nilikuwa nimesimama na bakuli la uji. Nilijua umefukuzwa kazi. Wewe ukapangusa kidevu, ukacheka mpaka ukakohoa, naye akacheka. Tangu siku hiyo hamkusalimiana tena kama watu wa kawaida. Yeye alikuita gunia la karanga, wewe ulimwita Mwingereza, kwa kuwa ulishagundua kwamba hilo ndilo linalomchoma.

"Mimi hapana Mwingereza! Mimi mtu ya Australia."

"Mfalme wako nani?"

"Mfalme moja. Lakini mimi hapana Mwingereza."

"Hata mimi mfalme wangu ni huyo huyo," ukamwambia, "na mimi ni Mmwera wa Nambambo. Basi tumeelewana."

Nimekumbuka chai yake pia. Aliichemshia motoni katika kopo la bati, akatupia majani, kisha akalishika kopo kwa kishikio chake cha waya na kulizungusha juu ya kichwa, kama mtoto anayewinga ndege shambani kwa teo, na halikumwagika tone! Alisema kwao wachunga ng'ombe hufanya hivyo ili majani yazame. Mkate wao huuoka ndani ya majivu. Miti yao ni mikaratusi, ambayo hujiambua maganda na kubakiza majani. Sikukuu yao kubwa huangukia wakati wa jua kali. Na bendera yao ina zile nyota za msalaba ambazo wewe ulizifuata ulipokuwa mpagazi. Niliitafuta nchi yake kwenye ramani ya shule. Iko ng'ambo ya bahari hii hii yetu, mashariki kabisa, chini kidogo. Mwalimu alinikuta nimeweka kidole pale muda mrefu, akaniuliza kama nataka kuhama.

Lakini matusi yenu yalikusumbua, Babu. Ulisema mtu hamtukani mwenziwe kila siku bila sababu. Mngoni anakutukana kwa sababu mababu zake walitupiga, baadaye wakapatana nasi, tukawa watani. Huyu sababu yake nini? "Au tupigane, au tutafute vita iliyokwisha," ulimwambia.

Alifikiri, akasema baba yake alipigana na Wajerumani katika vita ile ya kwanza, huko Ulaya, akarudi bila sikio moja.

Uliruka kutoka kwenye kigoda! "Mimi nilibeba risasi za Wajerumani! Kutoka Lindi mpaka Masasi, mgongoni! Basi tulipigana!" Ukamkumbatia. Nilijaribu kukueleza kwamba Ulaya na Masasi ni mbalimbali, ukaniambia Mjerumani ni mmoja, nisikuharibie vita yako.

Ndiyo hivyo mkawa watani. Ukamweleza sheria zote, na ya mwisho ukaisema polepole ili aielewe: mtani akifiwa na mtani wake, huja msibani, huvaa nguo za marehemu, humwigiza, humsema, mpaka wenye msiba wacheke. Akimaliza hupewa kuku.

Kuna siku moja ambayo naifikiria zaidi ya zote. Nilimuuliza Bwana Tomu, "Na wenyeji wa nchi yako ni akina nani? Waliokuwapo na mikaratusi kabla yenu?" Akasema wapo. Mmoja wao alimfundisha kufuata nyayo za wanyama na kutafuta maji mahali pakavu, alipokuwa mdogo. Akasema mzee yule aliijua nchi kuliko baba yake, lakini hakuruhusiwa kuketi meza moja nao. Kama ningekuwa peke yangu ningeomba radhi na kuondoka. Wewe ulikuwa mtani, ukamwambia usoni, "Kumbe huku mgeni, na kule mgeni!" Hakukasirika. Aliangalia chini, akasema, "Kweli, Mzee." Kisha akakumiminia chai.

Ulipotutoka, Babu, yeye alikuwa Mtwara, anapeleka mitambo bandarini, maana kazi ya karanga imepunguzwa na Wazungu wengi wanaondoka. Tulikuzika bila yeye.

Bibi hakulia. Alikaa tu. Ukimpa uji anashika kijiko, ukimsemesha anakutazama. Wiki zikapita, sauti yake sikuisikia. Nilianza kuogopa kwamba mmeondoka wawili. Siku ya arobaini ilipokaribia nikamwambia Mjomba Athumani, aliyekuwa amekuja kutoka Malolo kusimamia shughuli, kwamba mtani wako wa Australia lazima aitwe.

"Mzungu aje kumtukana baba yangu nyumbani kwake? Somoe, shule imekuchanganya."

Nikasema, kwa adabu, kwamba wewe mwenyewe uliahidi mbele yangu. Bahati nzuri Mzee Komba, mtani wetu Mngoni, alikuwa pale. Akasema, "Aje! Nikishindwa na Mzungu kwa matusi nitarudi Songea kwa miguu." Mjomba akakubali kwa shingo upande, nami sikungoja abadili mawazo. Nilienda kambini mbio.

Bwana Tomu alikuwa amerudi, anafunga masanduku. Nilipomwambia alivua kofia. Alisema anaogopa, mzee amekufa, yeye afanye mzaha? Halafu akakumbuka kwamba hata kwao, wakishamzika mtu, hukaa pamoja wakanywa na kumsimulia marehemu vituko vyake, na anayechekesha kuliko wote ndiye aliyempenda kuliko wote. "Basi nakuja," akasema.

Alikuja baada ya dua, chakula kimeshaliwa. Mzee Komba akamtupia koti lako. Babu, mikono ya koti ilimfika viwikoni! Akaketi kwenye kigoda chako, magoti yakamfika mashavuni. Akakohoa kile kikohozi chako. Akafumba macho, akaanza kukoroma. Kisha akaruka: "Nani huko? Mwizi? Pita, baba, pita, chukua trekta, mimi niko kazini!" Akakoroma tena. Halafu akajiuliza kwa sauti yake mwenyewe, "Mzee, wewe nalala?" Akajijibu kwa sauti yako: "Silali, nafikiri."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alitazama mkeka. Bwana Tomu alibaki amefumba macho, na niliona masikio yake yanakuwa mekundu. Nilitamani ardhi inimeze, maana mimi ndiye niliyemleta.

Ndipo nikasikia sauti nyembamba nyuma yangu, kavu kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Na udenda je? Umesahau udenda."

Bibi! Bwana Tomu alifumbua macho, akamtazama, akainua mkono polepole na kupangusa kidevu kama ulivyopangusa wewe. Bibi akacheka. Akacheka hadi kanga ikamwanguka kichwani, na machozi nayo yakaja, yale yote aliyokuwa ameyazuia. Wanawake wakamshika wakicheka na kulia. Mjomba Athumani alilazimika kutoka nje. Mzee Komba alisema ameibiwa kazi. Kisha Bibi akainuka mwenyewe, akamkamata kuku mweusi, akamkabidhi Mzungu kwa mikono miwili. Jioni hiyo Bibi alikula bakuli zima la ugali.

Bwana Tomu ameondoka kwa garimoshi la Lindi, na sasa yuko melini kuelekea kwao. Alikuja kutuaga, akaniachia kopo lake la chai. Akaniambia, "Wewe soma sana, kichwa tapasuka kama karanga." Nikajua utani wako nimeurithi. Nikamjibu kama ambavyo ungemjibu: "Nenda zako, mgeni wa huku na kule! Na ukifika, wasalimie wenye nchi." Akaweka kofia kifuani, akasema atawasalimia.

Nitasoma, Babu. Nataka kuwa mwalimu, na siku moja nami niulizwe ng'ambo, "Wewe ni mtu wa wapi?" nijibu bila kutajiwa mfalme wa mtu yeyote.

Na nakuahidi hili. Bwana Tomu akitangulia, habari ikinifikia, nitaivuka bahari ile niliyoiwekea kidole. Nitavaa kofia yake pana, nitalizungusha kopo lake juu ya kichwa mbele ya ndugu zake mpaka wacheke. Wakishacheka nitawaeleza nawadai nini, maana hawajui: nawadai kuku.

Lala salama, Babu. Najua hulali, unafikiri.

Mjukuu wako,
Somoe