Wavu Niliousugua

Shosti, ile picha niliyokutumia asubuhi, ifute. Na usinipigie, siwezi kupokea.

Si unaujua ule wavu unaozunguka sehemu ya kuogelea, pale mto unapoingia baharini? Ule wenye mwani kama ndevu. Leo kwenye usafi wa ufukwe nimeuvuta nje nikausugua kwa brashi mpaka ukang'aa, ndio nikakupigia ile picha. Kiherehere changu.

Akaja dada mmoja, mtafiti wa viumbe wa baharini. Akauangalia weee. Akaniuliza polepole, "Umeusugua wote?"

Nikamjibu kwa maringo, wote. WOTE, shosti.

Kumbe farasi wa baharini wanaishi kwenye ule mwani. Wanajishikiza kwa mkia ili mkondo usiwachukue. Wavu uliachwa mchafu makusudi.

Hakunifokea. Bora angenifokea.

Tumepekua rundo zima la mwani, tumepata mmoja tu aliye hai. Dume, na tumbo limejaa, maana kwao baba ndiye anayebeba mimba. Nikamrudisha majini, akakizungushia mkia kidole changu.

Dada kaenda kutafuta wavu mwingine wenye mwani. Kaniambia nisimbandue.

Kwa hiyo nimechuchumaa hapa, nakuandikia kwa mkono mmoja. Nimembomolea nyumba, na bado kaning'ang'ania mimi.