Karatasi yangu ya Kingereza iko kwa commandant

Jemi! Uko wapi? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Unajua leo nilikuwa na test ya Kingereza ku ile ONG, shirika lenye niliomba kazi. Kwa barrière ya askari, pa kutoka Ngezi, commandant akasimamisha pikipiki ya motard wangu, akafungula sac yangu. Akatoa karatasi yenye nilikuwa najifunzia ma mots, maneno ya Kingereza.

Akaisoma kwa sauti, mbele ya watu: «Rigid. Moja: kitu nguvu, haikunjike, sawa chuma. Mbili: mutu kichwa nguvu, hasikiye mutu, sawa commandant wa barrière.»

JEMI. Sawa commandant wa barrière! Miye mwenyewe niliandika!

Hakucheka. «Mademoiselle, uyu commandant ni nani?»

«Ni mufano tu, mukubwa. Prof alituambia tutafute mifano ya kwetu.» Motard anaangalia chini sawa hanijuwe.

«Sasa miye niko kichwa nguvu?»

Weye ungejibu nini?? Nikasema, «Hapana, mukubwa, kazi yako ndiyo iko kichwa nguvu.» Watu wakacheka. Wakacheka, Jemi! Akakasirika, akaweka carte yangu ya électeur, kitambulisho changu, mu mufuko yake pamoja na karatasi.

«Jumatatu, saa tatu, urudi na baba yako. Atanisomea hii karatasi yote yeye mwenyewe.»

Papa, Jemi! Namba tatu niliandika: «Sheria yenye haibadilike, sawa ya papa ju ya Lionel. Ndiyo maana tunaonana naye kwa kujificha.» Na papa anazani miye na Lionel tuliachana tangu Noeli!