Mjomba Ovide Hakukosea Siku

Plaquemine, Louisiana
Jumanne, 21 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Nolia,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu mama zetu walitulea hivyo, la sivyo ningeanza barua hii na matusi. Hujambo? Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi ya Alaska? Gunnar hajambo? Watoto je? Ile picha ya Signe amebeba samaki mkubwa kuliko yeye nimeibandika kwenye jokofu, na kila anayeingia jikoni namlazimisha aitazame. Sisi huku wazima wa mwili. Roho ndiyo inayowaka, na nimekaa kuandika kwa sababu nikikupigia simu nitapiga kelele mpaka majirani waje.

Hali ya hewa bado joto. Binzari na pilipili bustanini zimefanya vizuri. Paka amezaa tena chini ya veranda. Basi, habari njema zimekwisha.

Nolia, unakumbuka ule mkutano wetu wa familia kwenye simu, ulipokuwa unapika huku unatusikiliza? Ile siku kaka yako Dudley alipotuambia kwamba mwaka huu hatutakula tena kwenye kona yetu ya maegesho, pale kwenye mlingoti wa taa, kabla ya mechi. Alisema amekodi hema upande wa pili wa uwanja, lenye mafeni na televisheni, na chakula kitaletwa na watu wa kupika karamu. Mimi nikauliza, Mjomba Ovide je, na chungu chake? Ukamsikia mwenyewe Dudley akijibu. Alisema, "Mjomba niachieni mimi. Nitamwambia, na nitamleta mwenyewe." Ulisikia. Naomba ukumbuke hilo vizuri, maana nitalihitaji mbele.

Sababu aliyotoa ni kwamba mzee aliunguza unga wa kukaanga kwenye mechi ya kwanza. Ni kweli uliungua. Nilikuwepo. Vile vidoa vyeusi vilipotokea, Mjomba akamwaga yote na kuanza upya, ukaungua tena, mpaka watu wakaingia uwanjani wamekula chipsi. Mtu ambaye amekaanga kwa mafuta unga wa gumbo, ule mchuzi wetu mzito, tangu kabla hatujazaliwa, anayeufikisha kwenye rangi ya kahawa nzito bila kutazama saa! Aibu ilimshika, hata kofia hakuivua. Basi Dudley na Lynette wake wakaamua kwamba mzee amekwisha.

Jumamosi nikaenda kwenye hilo hema. Loh! Ungeona, mdogo wangu. Sandwichi ndogo kama za wanasesere, zimechomwa vijiti. Matango. Karoti mbichi za kuchovya kwenye kitu cheupe. Maji yamewekwa majani ndani, eti ndiyo kinywaji, na bia zimehesabiwa kama dawa. Hakuna wali. Hakuna soseji ya moshi. Tunacheza na Alabama, watu wetu wamevaa zambarau na dhahabu tangu alfajiri, halafu unampa mwanamume mzima tango! Kumbe nusu ya wageni walikuwa wakubwa wa kazini kwa Dudley, na hema lote lilikuwa kwa ajili yao.

Nikamuuliza, "Mjomba yuko wapi?"

"Yuko kwake, Verlie. Si tulikubaliana apumzike?"

"Tulikubaliana na nani?"

Akageuka kumchekea mgeni. Namjua mjomba wangu. Hana simu ya mkononi, ana ile ya ukutani tu, na Jumamosi ya mechi hata ukimfunga kamba atatoka nayo. Nikaacha mkoba wangu kwenye kiti, nikatoka mbio na haya mapaja yangu, kuzunguka uwanja mzima.

Nilimkuta pale pale kwenye mlingoti. Peke yake, Nolia. Peke yake kwa watu wetu, nataka kusema, maana pikapu ya pembeni ilikuwa ya watu wa Alabama, wamevaa nyekundu kuanzia kofia hadi soksi. Alikuwa amepanga viti vyetu vyote vya kukunja, hata chako, kile cha kijani chenye mguu uliofungwa waya. Viti vitupu vimezunguka chungu. Na kwenye mwiko alikuwepo mama mmoja wa nguo nyekundu, mnene, jasho linamtiririka, anakoroga, na Mjomba amesimama ubavuni kwake anavuta harufu na kusema, "Taratibu. Chini kabisa. Usiuache ulale."

Unanijua. Kwa mazoea tu nikawapigia kelele wale wekundu, "Leo mtalia nyie! Mtarudi kwenu mnakamua leso!"

Yule mama hata hakugeuka. Akasema, "Tutalia, dada, lakini tutalia tumeshiba. Nyinyi wa kwenu mko wapi?"

Mjomba akainua uso, akaniona, na uso wake ukafunguka wote. Akasema, "Verlie! Kumbe leo ni Jumamosi kweli."

Haki ya Mungu, Nolia, nilivuta kiti chako cha kijani nikakaa.

Yule mama, anaitwa Ernestine, alinivuta kando baadaye. Akaniambia wamefika asubuhi wakamkuta mzee amekaa kwenye ukingo wa pikapu yake, moto hajawasha, anatazama njia. Akawauliza leo ni siku gani. Wakamjibu. Baada ya muda akawauliza tena, kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi. Mwishoni Ernestine akatoa tiketi yake ya mechi akamwonyesha tarehe, ndipo akawasha jiko. Alikuwa amekaa pale akidhani akili yake ndiyo imemwacha. Na familia yake ilikuwa inakula karoti ng'ambo ya uwanja!

Tena Mjomba akawakaribisha, kwa sababu kwake mgeni wa jezi ya adui hutaniwa kwanza, kisha hulishwa kabla ya mwenyeji. Mkono ulipomchoka, Ernestine akaushika mwiko. Unajua Mjomba hajawahi kumpa mtu mwiko unga ukiwa motoni. Mimi mwenyewe nimeomba nikiwa na mvi. Nilitamani kumnyang'anya yule mama, na nilitamani kumbusu.

Na unga ule ulitoka sawasawa. Wala usidhani namsifu kwa mapenzi. Rangi yake, harufu yake ya karanga, vitunguu na seleri vilivyoingia vikalia shaa! Kuku, soseji, bamia kidogo, kila kitu mahali pake. Nikamuuliza, "Mjomba, mbona mechi ile uliungua?"

Akacheka kidogo. "Lile jiko jipya la Dudley, mwanangu. Lina moto wa kuchomelea vyuma. Leo nimekuja na langu la zamani."

"Sasa mbona hukusema?"

"Alikuwa amefurahi nalo."

Umesikia? Dudley mwenyewe ndiye aliyeleta lile jiko la kujionyesha, likaunguza unga, mzee akabeba aibu mbele za watu ili kijana asione haya. Na huyo kijana akaichukua ile aibu akaifanya sababu ya kumwacha. Nikiandika hapa kalamu inatoboa karatasi.

Subiri, bado. Wakati wa kupakua, Dudley akatokea na wakubwa wake wawili nyuma yake. Harufu iliwafuata mpaka kwenye hema, wakataka kujua gumbo inatoka wapi. Ungedhani ameona haya? Alikuja anatabasamu. Mjomba akamtazama, akamuuliza polepole, bila hasira yoyote, "Dudley, mwanangu, mmehamia lini?"

Ilikuwa kazi ya neno moja, Nolia. Aseme tu, "Nisamehe, sikukwambia." Badala yake akatazama wakubwa wake, akacheka, akasema kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "Mjomba, si nilikwambia juzi? Umesahau tena."

*Tena!*

Mzee alishusha macho kwenye chungu. Kisha akasema, "Labda." Neno hilo tu. Akachukua bakuli, akapakua wali, akamwagia gumbo juu, akachagua paja zuri la kuku, akamnyooshea Dudley.

Mimi nililidaka lile bakuli hewani nikampa mume wa Ernestine, ambaye alikuwa na lake tayari. Nikamwambia Dudley, "Mwongo mkubwa we! Rudi kwenye matango yako!" Wakubwa wake wakaanza kutazama viatu vyao. Lakini Mjomba akanigusa kiwiko. "Verlie. Mpe mdogo wako chakula." Nikamwambia sitaki. Akarudia, kwa sauti ile ile. Basi nilimpakulia kwa mkono wangu huu, na yule mjinga akala. Akaomba na nyongeza!

Mechi tulifungwa. Mwaka mwingine ningeomboleza wiki nzima. Safari hii Ernestine alipopita akitoka uwanjani hakunitania hata kidogo, alinikumbatia tu, na hilo likaniuma kuliko pointi zao.

Jumapili baada ya misa nilimvamia Dudley kwake. Mbele yangu alikiri. Alisema alisahau kumpigia mzee, na alipomwona pale na wakubwa wanasikiliza, akashikwa. "Ningefanyaje, nijiaibishe mbele ya watu wa kazini? Ni kitu kidogo, Verlie, mzee mwenyewe ameshasahau." Nikamwambia basi twende sasa hivi ukamweleze. Akasema atakwenda. Leo Jumanne, hajaenda. Lynette anaposhika simu anasema yuko bafuni. Mtu gani anaoga siku tatu?

Na kitu kidogo hicho kimefanya nini? Jana asubuhi nilifungua mlango nikakuta chungu kwenye veranda yangu. Kimesuguliwa, kimepakwa mafuta, mwiko umelazwa ndani kwenye taulo safi. Pikapu ya Mjomba ilikuwa inaondoka. Nikaikimbilia na gauni langu la kulalia mpaka ikasimama. Akateremsha kioo akaniambia, "Wewe ulikuwa unautaka mwiko. Uchukue. Mtu asiyejua siku hafai kusimama kwenye moto wenye watoto karibu."

Huo mwiko nimeutamani maisha yangu yote, Nolia, na nilitamani kuuvunja kwa goti. Nilimweleza kila kitu pale barabarani. Kwamba hakuambiwa. Kwamba Dudley amekiri kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipapasa shavu kama nilipokuwa mdogo. Akasema, "Una huruma kama mama yako." Hakuniamini! Anadhani namfariji. Mama Clélie jirani yake ameniambia sasa kila asubuhi anatoka hadi uzioni kumuuliza leo ni siku gani, na akijibiwa anatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za daktari.

Mzee ana akili timamu kuliko sisi sote, na anajizika mwenyewe kwa ajili ya uongo wa mtu mmoja aliyeona haya mbele ya wala karoti.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Mimi nimekaa naye karibu mno, anaona machozi yangu kabla hajasikia maneno. Wewe uko mbali, na Mjomba daima amesema Nolia ndiye asiyejua kusema uongo hata wa adabu. Ulikuwa kwenye ile simu. Ulimsikia Dudley akisema niachieni mimi. Mwambie hivyo, kwa maneno yale yale, usipambe. Akikuuliza, "Una hakika?" usilie, tafadhali. Jibu tu kwamba una hakika.

Tena usimpigie leo. Mechi ijayo ya nyumbani ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mpigie Ijumaa yake, jioni, atakapokuwa amemaliza kula. Mimi nitakuwa nimeshanunua soseji kwa yule wa njia ya mtoni, kuku wawili wanene, bamia, mchele, bia za kutosha na chai baridi ya sukari kwa wanaojifanya hawanywi. Jiko lake la zamani liko kwangu tayari. Lile la Dudley, lililobaki kwangu tangu mechi ya kwanza, nimelitoa nje kando ya barabara na kibao cha "Chukua bure." Hata mwizi hajaligusa.

Dudley nitamleta mimi. Atasimama pale mlingotini, mbele ya kila mtu, na wakubwa wake nimewaalika mwenyewe, na hatapata hata punje ya wali mpaka aseme alichofanya. Mjomba ataniambia nimpe chakula. Safari hii nitakuwa kiziwi.

Msalimie Gunnar, mwambie bado namdai kichwa cha samaki wa kukaushwa. Mbusu Signe na Anders. Shangazi Odelia anakusalimu, na watoto wa Clélie, na padre pia, ingawa nilimkasirisha kwa niliyosema kuhusu Dudley kwenye ngazi za kanisa. Bikira Maria akufunike na joto, huko uliko na hapa ulipozaliwa.

Usisahau Ijumaa. Ukishamaliza yote hayo, kabla hujakata simu, mwambie, "Mjomba, kesho ni Jumamosi." Halafu ngoja kwenye simu mpaka uisikie sauti yake ikisema anajua.

Mimi dada yako, mwenye hasira nyingi na mapenzi zaidi,

Verlie

Kiti chako cha kijani nimekibadilisha waya. Kiko tayari kukaliwa.