Kilima Kidogo cha Kushoto

Jumatatu, 3 Machi 1997
Mistari mia mbili tena. Mashine ya maabara inahesabu, mi nasoma namba kwenye kioo chake, naandika daftarini, naweka nukta kwenye karatasi ya miraba. Printa imekufa, na majirani wametufungia mpaka kwa ambargo, nyingine haiji. Asistani Déo alinieleza mara moja tu: kiini kizito cha atomu kinaoza, kinatema kipande, kipande kina nguvu yake. Nguvu moja, kilima kimoja cha nukta kwenye karatasi. Mwanangu Aline yuko mgongoni. Meno yanamtoka. Sijalala.

Jumatano, 5 Machi
Vilima viwili. Kikubwa, na kidogo kushoto kwake. Nimesoma mara tatu. Kipo.

Alhamisi, 6 Machi
Déo amenicheka mbele ya wanafunzi. "We Mama Aline, iyo kilima ni ya usingizi tu. Unanyonyesha mutoto na unahesabu. Futa."
Nikamwomba asome kioo mwenyewe. Hana nafasi. Akasema mtaa wa Bwiza umejaa wasichana wanaojua kuandika namba.
Nimefuta. Baba Aline alivuka kwenda mtaa wa Kamenge mwaka jana, wakati wa mapigano, hakurudi. Nikifukuzwa, nani atamlisha mutoto? Najichukia.

Ijumaa, 14 Machi
Risasi milimani tangu asubuhi. Wengi hawakuja. Nimepima upya peke yangu. Kilima kile kile, pale pale. Nimekiandika nyuma ya daftari, kwa wino. Déo ameshatuma karatasi yenye kilima kimoja Ulaya, kwa profesa wetu aliyekimbia vita.

Jumanne, 22 Aprili
Jibu la profesa. Anauliza kilima kidogo kiko wapi. Anasema kiini kikitema kipande, mara nyingine hubaki na nguvu kidogo ndani, kipande kikatoka dhaifu. Hapo ndipo mtu anaona kiini kimejengwa namna gani. Kazi yote ilikuwa hiyo.
Déo amemwambia mkuu wa idara kwamba mi nilifuta. Ni kweli. Ndiyo maana inauma. Sikusema aliyeniamuru, nilifungua kurasa za wino. Mkuu akasoma polepole.
"Sasa mbona ulifuta, mama?"
"Nilikuwa na mutoto wa kulisha."
Déo akatazama dirishani. Mkuu akasema niendelee na kazi. Basi.

Alhamisi, 24 Aprili
Karatasi mpya iko tayari. Vilima vyote viwili, kwa mkono wangu, jina la Déo peke yake chini. Nimetumwa niipeleke posta, mtaa wa Rohero. Foleni ndefu. Nilishika bahasha hadi karani aliponyoosha mkono. Nikampa.