Zamu Yangu ya Kubeba Mgonjwa

Jumatatu, 12 Oktoba 1992

Gikondo tena, gereji ile ile ya hapa Kigali. Kiti cha Toyota, sponji imeoza, panya wamezaa ndani. Nimeshona mpaka mgongo ukalia. Nilipokiinua kukirudisha garini, kile kitu kikatoka. Kinenani, upande wa kulia, kama yai la bata. Nikajifanya natafuta sindano nyuma ya gereji, nikalala chali juu ya maboksi, nikakisukuma kwa vidole. Kikarudi ndani kwa mlio. Kinanichukiza.

Domitila anajua. Mke utamfichaje jambo kama hilo? Wengine hawajui na hawatajua.

Jumatano, 14 Oktoba

Dispensari. Muuguzi, mama mnene asiye na haya hata kidogo. Akaniambia nishushe suruali, nisimame, nikohoe. Nikakohoa. Kikajitokeza kumsalimia.

Kwetu Kigoma tunaita ngiri, na kila mtu ana dawa yake ya mizizi. Yeye akasema upuuzi. Ukuta wa tumbo una mahali dhaifu pale kinenani, utumbo unapenya. Hakuna kidonge wala mzizi wa kuuziba. Ni kupasuliwa tu: utumbo unarudishwa, ukuta unashonwa. Nikamuuliza kuhusu mambo ya chumbani. Akacheka. Kumbe wanaume wote wanaanza na swali hilo. Hayaharibiki, alisema.

Kisha akakaza uso. "Kama inarudi ndani, unaweza panga siku ya operasyo. Lakini siku ile kitu iko ngumu, inauma, unatapika, haitaki kurudi, kuja saa ile ile. Na usibebe kitu nzito."

Usibebe. Rahisi kusema.

Jumapili, 18 Oktoba

Zamu ya ingobyi. Huku kwetu Gatsata juu gari halipandi, mgonjwa anashushwa mpaka kwenye taksi za Nyabugogo ndani ya ile machela ya kusukwa, miti yake mabegani mwa wanaume wanne. Leo ilikuwa bibi mwenye malaria. Mzee Kalisiti, mkuu wa wabebaji, akaita majina. Langu la pili. Nikaenda.

Ningesema nini? Kwamba naumwa wapi? Kalisiti husema ugonjwa usioonekana ni uvivu. Muuza mkaa alikataa zamu mara mbili. Mama yake alipozidiwa, hakuna aliyetoka nyumbani. Alimbeba mgongoni peke yake, kwenye matope, watu wakichungulia madirishani.

Na yule ni mzaliwa wa hapa. Mimi ni mtu wa kuja. Wananiita Mtanzania mpaka leo. Mtaani hakuna aliyewahi kudai karatasi zangu, kwa sababu bega langu linajulikana. Siku hizi, na vita hivi, kudaiwa karatasi si mchezo. Nikiliondoa bega, nabaki na nini?

Njia nzima kilikuwa nje. Utelezi. Niliuma meno.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimepata akili. Nimejishonea mkanda wa ngozi ya viti, na mto mgumu wa sponji wa kukandamiza pale pale. Kazi safi, mishono miwili. Domitila kautazama, kaniuliza kama muuguzi ndiye aliyeagiza. Nimemjibu vibaya.

Alhamisi, 29 Oktoba

Nimeitwa tena. Mvua. Kitu kilikuwa nje nilipoitwa, sikupata nafasi ya kulala chali. Nikaufunga mkanda juu yake hivyo hivyo, nikaukaza. Tukabeba.

Sasa nimeuvua. Kinauma kwa namna mpya.

Ijumaa, 30 Oktoba

Ngumu kama jiwe. Hakirudi. Nimetapika mara nyingi. Alichosema muuguzi, chote. Domitila anataka kwenda kwa Kalisiti. Nimemkataza. Ameenda.

Jumanne, 3 Novemba

Hospitali. Naandika nimelala, mwandiko umepinda.

Wabebaji walikuja wote. Ijumaa ile taksi hazikuwa zikipita, barabara imejaa vizuizi, ikabidi wanibebe mpaka hospitalini kabisa. Ukilala mle ndani ya ingobyi unaona mbingu na visogo vya watu. Nilitamani kufa kwa aibu kabla ya kufa kwa utumbo.

Kwenye kizuizi wakatuweka chini. Askari akapapasa blanketi, mkono wake ukagota pale. Akaruka nyuma, bunduki juu. "Iko nini hapo? Grenedi?" Nikajua nimekwisha: mgeni, na kitu kigumu ndani ya suruali. Mzee Kalisiti akapiga magoti, akafunua blanketi, akaniteremsha suruali mbele ya barabara nzima.

"Angalia, afande. Si bomu. Ni tumbo yake. Huyu iko mtu wetu."

Askari akaangalia. Akageuza uso. Tukapita.

Kalisiti yeye hakugeuza uso. Aliendelea kukitazama.

Jumapili, 8 Novemba

Daktari kaniambia aliponipasua utumbo ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Ningechelewa zaidi, wangekata kipande, au wangenifunika shuka. Ameuliza habari ya mkanda. Nikamweleza kwa majivuno, fundi mimi. Akanikaripia kama mtoto. Nilikuwa nimebana utumbo ukiwa nje.

Nisibebe kitu kwa wiki nyingi. Anasema hivyo kwa furaha. Hajui ninakorudi.

Jumatano, 18 Novemba

Nyumbani. Nakaa. Kila anayepita njiani anasalimia, nami nasikia kitu kingine ndani ya salamu. Leo walimshusha mtu. Miguu yao ilipita karibu na ukuta, sikuitwa. Domitila anasema wananihurumia. Sitaki huruma, nataka zamu yangu. Nimelia, basi.

Ijumaa, 27 Novemba

Mchana. Domitila yuko sokoni. Mzee Kalisiti kaja peke yake, kaomba maji, hakuyanywa. Akafunga mlango. Akalegeza mkanda wa suruali.

Kikubwa kuliko changu. Pande zote mbili.

"Tangu lini, Mzee?"

"Iko zamani. Wewe ulikuwa haujafika hapa."

Nikamuuliza kama vinauma, kama anatapika. Hapana. Bado ni laini. Nikatandika mkeka, nikamwambia alale chali, akunje magoti, apumue, asilazimishe. Vilirudi polepole, kimoja kimoja. Nikamwambia vitatoka tena, na kwamba nitampeleka kwa yule mama wa dispensari. Aliangalia mabati.

Huko nje wabebaji wakaanza kumwita. Kuna mtu wa kushushwa Nyabugogo. Wakamwita tena, karibu zaidi. Nilimtazama. Akafumba macho.

Nikafungua mlango. Nikawaambia Mzee Kalisiti ni mgonjwa, leo habebi.

Walisimama kidogo pale uani. Kisha wakaenda kutafuta mtu wa nne.