Mlango wa Ghala la Marobota

Kinu cha Pamba, Bariadi
9 Juni 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, wasiwasi wangu ni kifua cha mama tu. Je, ng'ombe bado wanapata maji karibu?

Nimeingizwa katika kikosi cha kuzima moto hapa kinuni. Anayetufundisha ni Mzee Mhoja, zamani alikuwa zimamoto Mwanza. Jana aliwasha rundo la pamba chafu, akaniita, "Apolonia, amua!" Nikakimbilia ndoo. Akapuliza filimbi. "Umeshakufa. Upepo umeutazama? Watu umewahesabu?"

Kila siku ni hayo: tazama, hesabu watu, nyima moto hewa, ndipo ushike maji. Anasema anayeanza kufikiri moto ukiwaka amechelewa. Hata nikila ugali naisikia ile filimbi.

Binti yako,
Apolonia

Lalago
22 Juni 1975

Mwanangu Apolonia,

Marahaba. Tunaendelea vizuri. Mayu wako anakohoa lakini shambani anakwenda. Pamba ya kijiji chetu imepelekwa huko kwenu, jasho letu la mwaka mzima.

Hayo ya wewe kuamua yamenitia hofu. Una mkubwa wako wa kazi. Akisema fanya, fanya. Mtoto wa mkulima hashindani na ofisi.

Baba yako,
Januarius

Lalago
17 Agosti 1975

Apolonia,

U mzima? Utingo wa basi anasema kinu kimeungua, na kwamba ni wewe uliyezuia pamba isiokolewe. Watu wananiuliza kisimani iko wapi pamba yao. Andika upesi.

Baba yako

Bariadi
2 Septemba 1975

Baba,

Shikamoo. Mwilini ni mzima. Nisamehe kimya changu, nilikuwa hospitali namlisha Selestini, kijana wa kupakia mizigo.

Moto ulitoka kwenye mashine ukarukia ghala la marobota ya pamba. Nilihesabu watu, wote tulikuwa nje. Ilibaki kufunga mlango wa chuma ili moto ukose hewa. Meneja wa kinu akapiga kelele, "Ingieni mtoe marobota! Hiyo ni mali ya taifa!"

Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo, baba. Nikayakumbuka maneno yako, nikangoja. Selestini akaingia. Paa likashuka. Tulimshika miguu tukamvuta nje, mikono yake imeungua hadi kwenye viwiko.

Meneja akaamuru wengine waingie. Hapo nikafunga komeo, nikasimama mbele ya mlango. Alinitukana, akasema huo ni uhujumu. Sikusogea. Ghala lile liliteketea lote, na pamba yenu humo. Moto haukuvuka kwenda maghala mengine.

Jana kamati ya kinu ilinihoji. Mzee Mhoja alisimama kunitetea, akaambiwa akae. Wakasema kazi yangu imekwisha. Kisha mwenyekiti akauliza, "Moto ukitokea tena, mlango ule utaufanyaje?"

"Nitaufunga mapema zaidi," nikasema.

Ijumaa nitapanda basi la Lalago. Wenye pamba wakija kuuliza, waketishe. Nitawajibu mwenyewe.

Binti yako,
Apolonia