Kufuli la Miaka Kumi

Mwenzangu, nimetoka kikaoni sasa hivi.

Wale wezi walionakili mafaili ya wagonjwa wetu mwaka jana, kumbe hawana haraka. Fundi wa kompyuta kasema mashine za leo haziwezi kuvunja kufuli la kidijitali tuliloyafungia, kwa hiyo wameyaweka tu. Wanasubiri kompyuta za kwantamu, zile mpya zitakazokuwa na nguvu kupita hizi zote. Zikija, kufuli letu si kitu.

Bosi akauliza, "Lini?"

"Labda miaka kumi."

Unajua bosi alijibuje? "Nitakuwa nimestaafu." Akacheka! Nitakuwa nimestaafu!! Eti yaliyopita si ndwele, wagonjwa wasiambiwe. Na yajayo atayaganga nani?

Mimi ndiye ninayewapokea pale dirishani, nawaapia siri zao hazitoki.

Hata wewe nilikuapia.

Faili lako limo.